Tairi la Upande wa Pili

Chumba cha nyuma ya gereji,
Nyumbani.
Jumanne, tarehe 9.

Mpendwa Kaka Mkubwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo wewe? Kile kikohozi kimekuacha? Wifi naye anaendeleaje, na watoto bado wanawapeleka puta?

Huku hatujambo. Baba anakula vizuri, ila goti linamsumbua na neno hospitali hataki kulisikia. Shangazi yupo, na sauti yake ni ile ile. Mimi ndiye sijatulia. Barua hii nimeianza asubuhi, nikaiacha, nikaenda kufagia gereji ambayo ilikuwa safi, nikarudi.

Mashindano yetu ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ni sisi wale wale wa magari ya kuungaunga: mwalimu wa hesabu, muuza mikate, na yule daktari wa meno anayeendesha utadhani anawakimbia wagonjwa wake. Lakini kona ni zile zile, na ile ya chini, inayokata kuelekea upande wa dereva, ndiyo iliyonibiringisha mwaka jana. Baada ya hapo ndipo ulipotuletea kipimajoto chenye sindano.

Usidhani tumekiweka kabatini. Nikirudi kutoka kwenye mizunguko, raba ikiwa bado ya moto, Baba anachoma sindano katika kila tairi sehemu tatu: ukingo wa ndani, katikati, na ukingo wa nje. Katikati pakizidi moto, upepo umezidi. Kingo zote mbili zikizidi, upepo ni mdogo. Ukingo mmoja ukiungua peke yake, gurudumu limesimama vibaya na inabidi liinamishwe kidogo. Amekipenda mno kitu hiki, hata Shangazi anasema ipo siku atapimia nacho chai.

Shida ni kwamba kila alivyozidi kupima na kurekebisha, ndivyo gari lilivyozidi kuharibika. Kwenye ile kona nakata usukani, pua inateleza nje, gari linakwenda linakotaka lenyewe. Nikimwambia, ananionyesha vipimo: tairi la mbele la upande wa pili, usio wa dereva, lina baridi kuliko yote, eti halifanyi kazi. Basi analipunguzia upepo ili lishike moto. Gari likizidi kuteleza, anapunguza tena.

"Sindano haina woga, mwanangu. Wewe ndiye uliye nao," akaniambia. Niliumia sana, Kaka. Nusura nimrushie kofia ya chuma.

Jumapili moja nikakaa kwenye kiti nikamtazama tu. Gari linasimama, anakuja mbio na goti lake bovu, lakini haendi kwenye tairi. Anakuja dirishani kwangu. Anashika mlango, ananiuliza kama shingo ni nzima, kama kizunguzungu hakuna, ananipa maji, anangoja niyameze. Ndipo anapima tairi la miguuni pake, kisha la nyuma, anazunguka gari, na lile la mbele la upande wa pili linakuwa la mwisho. Akilifikia, lile linalobeba uzito wote kwenye ile kona, limeshapoa. Miezi yote hii tumekuwa tukitengeneza gari kwa kipimo cha tairi lililopoa.

Nilishinda na jambo hilo moyoni. Ningemwambiaje? Tangu ajali ile, kuja dirishani ndiko kunakompa nguvu ya kuniruhusu niendeshe. Wiki iliyopita tuliporudi uwanjani nikaingia kwa kasi, na kabla hajaushika mlango nikapiga kelele: "Baba, mimi mzima! Anzia kule!"

Alisimama, akanitazama kama mtu aliyefukuzwa. Kisha akazunguka. Ukingo wa nje ulikuwa unaungua, wa ndani vuguvugu tu. Alikaa chini kando ya gurudumu, mabega yakawa yanatikisika. Nilitaka kushuka nimshike, mkanda ukanishinda kufungua.

Baadaye tukaongeza upepo, tukaliinamisha gurudumu kwa ndani. Sasa kona ile naikata bila shida. Baba naye sasa, nikisimama tu, anakwenda moja kwa moja upande wa pili na kuinama, simwoni hata kisogo. Nilichotaka nimekipata. Lakini nabaki na kofia kichwani, dirishani hakuna mtu. Alisema kweli, Kaka. Woga ninao.

Shangazi anakusalimu, na yule fundi rangi jirani yetu anauliza lini utarudi umbishie. Msalimie wifi, na watoto uwabusu mmoja mmoja.

Njoo kwenye mashindano, Kaka. Usilete kipimo kingine. Baba ana matairi manne ya kuangalia, na mimi nahitaji mtu wa kuniuliza kama shingo ni nzima.

Mungu akufikishe salama.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukungoja.