Bibi, Lile Pori Halikulimwa

Brooklyn Park, mwezi wa sita

Bibi,

Habari mbaya nakupa kwanza, ili ukikasirika ukasirike mara moja: lile pori la nyasi nyuma ya kanisa halikulimwa. Na aliyezuia ni mimi, mjukuu wako uliyemwita Profesa wa Kulala.

Najua ulivyotuagiza pale hospitalini. "Theluji ikiisha, mlime. Udongo mweusi namna ile kuuacha bure ni dhambi." Mama Neema akayabeba maneno hayo kama wosia. Majira ya baridi yalipoisha akakodi trekta, akawaambia wamama wa kanisa watafute mbegu za maharage. Nikamwomba mchungaji dakika chache baada ya ibada. Akanitazama kama nimemwomba funguo za gari lake, lakini akanipa.

Ungeniona, Bibi. Ile kazi yangu ya kupima udongo uliyoicheka, eti Wazungu wananilipa nishindilie bomba ardhini kisha nilichomoe? Basi nilishindilia pale porini, nikatoa udongo mzima mzima, mrefu kama mkono wangu, nikaulaza juu ya meza ya jikoni kanisani. Mweusi juu mpaka karibu na mwisho. Pembeni nikalaza ule wa kando ya maegesho, palipokuwa shamba zamani. Huo mweusi kidogo tu, halafu rangi ya chai ya maziwa.

Mama Neema akaunusa ule mweusi. "Hii ni mali, Espoir. Na wewe unatuambia tuiache?"

Nikawaambia, mama zangu, weusi huu ni mizizi. Zile nyasi mnazoziona kavu, huko chini ni ndefu kuliko mimi, na mimi si mfupi. Kila mwaka mizizi mingine inakufa, lakini baridi ya hapa haiiachi ioze haraka, inarundikana tangu enzi na enzi. Ndiyo kaboni wanayoisema. Ukiupindua udongo kwa trekta, vijidudu vinapata hewa, vinakula ile akiba, na kaboni inapanda angani kuongeza joto la dunia.

Mmoja akapiga mwayo. Ndipo nikakutaja wewe. Nikasema, kila mmoja wenu ana friza imejaa majani ya sombe na samaki. Bibi yangu alimfanya nini mtu aliyeacha friza wazi? Wakacheka mpaka Mama Neema akafuta machozi, maana kwa kosa hilo hilo ulimfukuza na mwiko mkononi. Basi trekta porini, nikasema, ni friza wazi.

"Sawa, Profesa," akasema. "Na maharage tutakula ya kwenye picha?"

Swali zuri, lazima nikubali. Nikasema tutapanda kando ya maegesho. "Udongo ule umechoka," akasema. Nikasema nitaulisha mimi, samadi ya farasi, kwa mikono hii. Tukapatana mbele ya watu wote: maharage yakizaa, pori linabaki. Yakikataa, mwakani trekta linaingia, na dereva ni mimi.

Bon, basi, samadi nimebeba. Gari la mjomba bado linanuka, amenuna wiki nzima. Wamama wanakuja jioni na majembe, wanatukanana kwa furaha, wanabishana nani kapanda karibu karibu mno. Nikiwa nimeinama nasikia sauti zao, nainua kichwa nikutafute uko upande gani, halafu... Basi. Naendelea kulima.

Nimeelewa hivi. Miaka yote ile uliyoishi ghorofa ya tatu, na zulia chini ya miguu, hukulilia maharage tu. Ulitaka tuwe na mahali pa kushika jembe pamoja. Hilo ulikuwa sahihi, sikupingi. Kwa pori nakupinga, na nimeshinda, angalau mpaka mavuno.

Pumzika, Bibi. Mwezi wa nane nitakuja kaburini na maharage mabichi mkononi, na Mama Neema nyuma yangu akikanusha kwamba alishindwa. Nikija mikono mitupu, una ruhusa ya kunicheka. Lakini yameshachipua mstari mzima, kwa hiyo usijiandae.

Mjukuu wako,
Espoir