Hesabu ya Kumkaribia Baba Wanjiru

Dada Nyambura mpendwa,

Salamu kutoka Wamagana. Tangu tupate uhuru sijaona baridi kama hii: chai inapoa ikiwa njiani kwenda mdomoni. Mimi kaka yako, niliyefika mpaka Kampala, sasa ni mtu wa fizikia. Mwalimu aliyenipa malazi anasema chembe mbili zenye chaji sawa husukumana. Moja ikiikimbilia nyingine, hupungua mwendo, husimama, halafu hurudishwa. Ukiongeza mwendo mara mbili, umbali unaobaki kati yazo ni robo tu ya ule wa kwanza.

Nikasema, huyo ni mimi na baba yake Wanjiru! Sote wawili tunajua kila kitu. Jumapili nilienda kwa miguu kumwomba binti yake, akanirudisha kutoka langoni kwa sauti tu. Basi jana nikaazima baiskeli, nikapiga hesabu, nikateremka mlima. Breki haikuwepo, lakini hata hesabu haikuitaja. Nikaishia katikati ya kabichi zake, kichwa chini miguu juu, nikingoja kurudishwa.

"Wewe kijana, umekuja kuoa ama kuniulia kabichi?"

"Yote mawili, baba."

Mzee akacheka mpaka kofia ikaanguka, akaja mwenyewe kuninyanyua. Kumbe hesabu ya mwalimu hudhani anayekimbiliwa hasogei hata kidogo. Ati!

Mwambie mama atafute wazee, nimeambiwa niwalete. Mungu akulinde, nawe kijana akikujia mbio, angalia kwanza kama ana breki.

Kaka yako,
Ndirangu