Mlingoti wa Pili kule Bahati

Mpwa wangu Isaka,

Siku ya kukuzika kule Maragoli mchungaji alinivuta koti kabla sijamaliza kusema. Ati mvua inakuja, ati na wengine wana maneno. Nikaketi. Lakini unanijua, mimi neno likibaki tumboni silali. Kaburi lako liko mbali na mimi nimerudi Nakuru kazini, basi nimeomba karatasi kwa karani wa shamba, nimekaa hapa kwenye ngazi ya stoo nikumalizie. Mwandiko ni ule ule wa darasa la nne. Uvumilie.

Nianze na lile najua unaliuliza. Uliondoka ukiacha mlingoti mmoja wa redio umesimama na wa pili umelala kwenye majani, kule Bahati kwa Bwana Masikio. Mazishi yalipokwisha, huyo Mzungu aliniita. Akasema pole sana, tena kwa kweli, kofia mkononi. Halafu akasema bila Isaka kazi imekwisha, ataandikia mafundi wa Nairobi waje na lori na mashine yao, wausimamishe.

Nikamwambia hapana.

Nikamwambia mlingoti huu ni wa Isaka. Yeye ndiye alichagua mabomba, akayaunga, akayapaka rangi, akazika mataruma ya reli ardhini ya kufungia nyaya za kuushika. Mgeni aje kuinua tu, halafu aende Nairobi aseme ni wake? Bwana Masikio akanitazama. Akasema sawa, Ezekieli, jaribuni, lakini ukianguka nitaandika hiyo barua.

Wewe ulimpenda yule mtu, nami sikatai, ana moyo. Mzungu mwenye shamba zima la pareto, na furaha yake yote ni kukaa kwenye kichumba na vyombo masikioni, akigonga kidude kwa kidole, ati anasalimiana na watu wa ng'ambo ambao hajawahi kuwaona, wala hakuna anayemlipa. Unakumbuka askari walipokuja wakati wa hali ya hatari kuuliza mbona tunapandisha waya juu hivyo, kama tunaongea na watu wa msituni? Mimi nilisimama mbele yao, nikawatolea macho, na sajini wao akaangusha bunduki. Najua ungesema hapa, "Mjomba, punguza kidogo." Haya, hakuangusha. Lakini aliishika vibaya.

Hilo ndilo jambo moja lililobadilika, Isaka. Hakuna wa kuniambia nipunguze. Juzi niliwaeleza watu wa landi, kwenye nyumba zetu za wafanyakazi, vile niliushika ule mlingoti wa Njoro kwa meno nati zilipokatika, na wote wakanyamaza tu kwa heshima ya msiba. Hadithi ikaendelea kurefuka mpaka mimi mwenyewe nikaogopa.

Mengine yaliyobadilika: mvua imenyesha vizuri, na ule mkalitusi wa kwanza tuliofungia waya umekatwa. Otieno ameacha pombe, anasema ni kwa ajili yako, tutaona. Na sufuria yangu bado inanuka mshumaa. Ile ambayo ulichemshia vijiti vya kutenganisha zile nyaya mbili zinazoshuka kutoka juu mpaka kwenye redio, ukaviloweka kwenye nta ili visinywe maji ya mvua. Nilikutukana siku hiyo. Tukala ugali wa mshumaa, nawe ukasema una ladha ya Krismasi. Nimekataa kununua sufuria nyingine.

Sasa sikia tulivyofanya.

Tulikwenda Bahati watu wale wale. Mimi kwenye kamba ya mbele, ile ya kuvutia, mahali pangu. Otieno kamba ya upande mmoja, Koskei kamba ya upande wa pili, wengine wawili wa shamba nyuma ya mlingoti kuuzuia usipitilize. Mahali pako pale juu ya kichuguu, kando, hapakuwa na mtu. Nikasema mahali pale hapana kazi. Wewe mwenyewe wajua walivyokucheka. Otieno alikuita DC, kwa sababu unasimama mikono mfukoni wenzako wakitoka jasho. Na yale majina uliyozipa kamba, hii Menengai kwa kuwa inaelekea Menengai, hii Dundori, hii Solai, ya nyuma Ziwa, nikasema hayo ni mambo ya kijana aliyependa kuchezea maneno. Wanaume wazima wanajua kushoto na kulia. Mimi nitavuta, na mimi nitaamuru.

Mlingoti ukainuka. Nusu ya njia ukaanza kulala upande. Mimi kwenye kamba naona nini? Naona mgongo wa aliye mbele yangu na kipande cha mbingu. Nikapiga kelele kushoto avute. Otieno anautazama mlingoti kutoka huku, Koskei anautazama kutoka kule, na kila mmoja moyoni mwake ndiye kushoto. Wakavuta wote wawili, kwa nguvu zote, ndugu yangu, kama wanaume. Mlingoti ukalia. Nikapiga kelele waache. Wakaacha wote wawili.

Ulianguka kwenye pareto. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema, lakini bomba la kati lilipinda kama kiwiko. Sisemi nilikosea. Nasema siku hiyo kamba hazikuwa na majina.

Bwana Masikio alitoka nje na vyombo vyake vinaning'inia shingoni. Hakugomba. Aliutazama, akasema tujaribu Jumamosi nyingine moja, halafu basi. Afadhali angegomba.

Wiki ile sikusema hadithi hata moja. Tulilipeleka lile bomba kwenye karakana ya shamba, tukalitia motoni, tukalinyoosha kwa nyundo, na ndani yake nikatia bomba jembamba kama mfupa ili lisipinde tena. Otieno aliniambia tuachie Nairobi, tusije tukaua mtu. Nikamwambia hata ikibidi nivute peke yangu, mlingoti wa Isaka utasimama kwa mikono iliyomjua Isaka. Akachukua nyundo. Na Koskei, unamjua, asubuhi iliyofuata nilimkuta ameshafika karakana.

Jumamosi mama yako alikuwa pamoja nasi. Dada yangu alikuja kutoka nyumbani kuchukua vitu vyako, akalala kwangu, na sanduku lako la spana lilikuwa bado kwenye stoo ya Bwana Masikio. Alisema atachukua sanduku na kurudi, hataki kuona chuma chochote kikisimama. Kwake yeye ni zile siku za kulowa mvua kwenye nyaya ndizo zilizokuletea homa ya mapafu. Sikubishana naye. Nani abishane na mama?

Sasa pale uwanjani ikawa ubishi wa nani atasimama kwenye kichuguu. Koskei akasema Ezekieli. Otieno akasema Ezekieli. Mimi nikasema mkono wenye nguvu kuliko yote hapa ni wangu, ukitoka kwenye kamba nani atavuta? Nikawakumbusha ule mlingoti wa Njoro. Wakatazama chini. Hapo mama yako akaweka sanduku lako chini, akanijia mbele ya watu wote.

Akasema, "Ezekieli, tangu uzaliwe hujanyamaza. Leo ndiyo siku mdomo wako unatakiwa, nawe unataka kushika kamba?"

Otieno alicheka mpaka akakaa. Kisha akainuka, akaichukua kamba yangu mkononi mwangu, polepole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Akasema, "Nenda juu, DC."

Isaka, hukuniambia. Miaka yote ile hukuniambia kwamba kusimama pale ni kugumu hivyo. Mikono yangu haikujua mahali pa kwenda. Niliitia mfukoni ikatoka. Niliikunja kifuani ikafunguka. Kwenye kamba mtu akiogopa anavuta, na kuvuta kunamaliza hofu. Kwenye kichuguu hofu inakaa nawe, mnatazamana.

Lakini kutoka pale unaona. Niliona mlingoti wote tangu mguu hadi ncha, na vile vikombe vya kaure vya kuzuia umeme kwenye nyaya zake vikining'inia kama hereni. Niliona kila mtu na kamba yake: Otieno kwenye Solai iliyokuwa yangu, Koskei kwenye Dundori, kijana mmoja wa shamba kwenye Menengai aliyoiacha Otieno, na mwenzake nyuma kwenye Ziwa. Nikawapa majina yao, mmoja mmoja, kama ulivyofanya, na kila mmoja akaitika kwa jina la kamba yake. Mtu wa Ziwa aliitika kwa aibu. Nikasema, Solai, vuta. Sikupiga kelele. Wewe hukuwa unapiga kelele, nami ndipo nilipojua sababu: ukipiga kelele kila mtu anavuta.

Ukainuka. Solai, vuta. Ziwa, legeza kidogo, fuata. Ulipopita nusu upepo wa Menengai ukaja, ule wa mchana, na ncha ikaanza kwenda Dundori. Si kidogo. Nikaona Koskei anarudi nyuma hatua kwa hatua. Mguu wangu mmoja ulikuwa umeshashuka kwenye kichuguu, Isaka, niikimbilie kamba, na kama ningekimbia, hakuna jicho ambalo lingebaki kuutazama. Nikaurudisha mguu. Nikasema, "Menengai, vuta. Dundori, legeza." Nilisema kama mtu anayeomba chumvi mezani. Yule kijana wa Menengai akavuta. Koskei akalegeza, mkono baada ya mkono, na ule mlingoti ukarudi katikati polepole, kama mtu aliyekuwa anasinzia kanisani akaamka kabla hajaonekana. Ziwa, shika. Wote, shika. Fungeni.

Umesimama. Ni mrefu kuliko ule wa kwanza kwa kipimo cha kofia yangu, kwa sababu lile bomba la ndani limeongeza urefu kidogo kwenye kiungo, na hapa siongezi, njoo upime.

Hakuna aliyeshangilia. Otieno alikuwa anajitazama viganja. Mama yako, aliyesema hataki kuona chuma, alikwenda akaushika kwa mkono mzima, akakaa hivyo, kama anapima joto la mtoto.

Jioni yake Bwana Masikio alifunga waya wa shaba kati ya milingoti miwili, akaingia kwenye kichumba chake, akagonga kuwaita watu wake wa ng'ambo. Akatuita sisi sote tuingie, na unajua hata mkewe haruhusiwi kugusa kitu mle. Akasema yule anayegonga sasa hivi yuko kwenye kisiwa mbali sana, ng'ambo ya bahari, na kwao tayari ni usiku. Akavua vyombo vyake, akamvika mama yako juu ya kitambaa chake cha kichwa.

Mama yako akasikiliza. Akasema, "Ni hii tu? Kama simsim inayoruka kwenye kikaango."

Tulicheka, na Bwana Masikio alipotafsiriwa maneno yake akacheka kuliko sisi. Akanyoosha mkono apewe vyombo vyake. Mama yako hakumpa. Akaendelea kusikiliza. Yule Mzungu akavuta sanduku akakaa, akangoja, nasi tukangoja. Machozi yalikuwa yanamtoka mama yako, lakini uso ulikuwa uso wa mtu anayepewa habari za kwao. Sijui alisikia nini. Sikumuuliza, na mimi ni mtu wa kuuliza.

Ile barua ya Nairobi haikuandikwa.

Basi sikiliza, ndiyo namaliza, mchungaji hayuko. Mhindi mmoja wa stesheni ya Longonot, naye ana ugonjwa huu wa kugonga, amesikia habari zetu kutoka kwa Bwana Masikio, na anataka mlingoti. Kule upepo hauna adabu. Watu wanasema hautasimama. Jumatatu tunapanda treni, Otieno, Koskei na mimi, na kamba zetu nimezipa majina tayari: Mlima, Suswa, Naivasha, Reli. Koskei ameshika Suswa. Mama yako alikuwa arudi Maragoli wiki hii, lakini sasa anasema atafuatana na sisi kwanza, ati ajue kama watu wanaosikika Longonot wanasema jambo jingine.

Nakuahidi hivi, Isaka, na nakuandikia ili iwe imeandikwa: mimi nikiwa hai, hakuna mlingoti wa kundi letu utakaoinuliwa bila mtu mmoja kusimama kando, mikono mitupu, akiutazama wote. Nitakuwa mimi mpaka nipate aliye bora. Naye nitamfundisha kama ulivyofanya wewe, na siku akichoka kuchekwa nitamwambia alikuwepo kijana aliyechekwa kabla yake, na milingoti yake imesimama Bahati, miwili.

Pumzika, mtoto wa dada yangu. Kazi iko kwenye mikono inayoijua.

Mimi mjomba wako,
Ezekieli