Wavu Niliomwachia Mjomba

Kukhu, bibi yangu, mulembe.

Huku Kitale mvua haiachi. Ile tilapia yako mgonjwa niliibeba kwa barafu, na mama mmoja mwenye vidimbwi akaifungua shavu. Ndani kumeoza, njano. Nikamwambia ni ukungu, si nilisoma kwa simu, ndio maana kila asubuhi niliwavua samaki wako wote nikawapaka chumvi mgongoni.

"Kila asubuhi? Na wavu?"

"Ule ule."

"Hii ni bakteria, kijana. Ulikuwa unawachubua ngozi, ugonjwa unapata mlango. Na wavu ndio unaubeba."

Akanipea ugali na maziwa mala, nikaweka kando. Kwetu nani hunyima mtu wavu? Nilimwachia Mjomba juzi, bado umelowa. Nikampigia. Anacheka bana, ati samaki wake ni wazuri, amewavua wote na huo wavu kuwaangalia kisha akawarudisha. Nikashindwa kumwambia.

Kukhu, wako hawatapona, na wake sioni wakipona. Ninaandika juu nikikupigia simu nitalia. Mwambie wewe mama yake, yeye hawezi kukukasirikia. Na ujifunike, baridi ya Elgon inashuka huko.

Mjukuu wako, Wafula