Nafasi ya Bibi Pua Uani

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha mbele,
Jumapili alasiri.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu nyingi, mimi mdogo wako. Hujambo wewe, wifi naye hajambo, na yale mafua yameisha? Mara ya mwisho kwenye simu sauti yako ilikuwa kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. Jitahidi kula vitu vya moto, na usilale na soksi mbichi kama ulivyozoea.

Sisi huku tu wazima, ila uchovu. Mdogo anaota meno na hataki mtu ila mimi, kwa hiyo naandika yeye akiwa begani. Ukiona mstari umekimbilia pembeni ujue ni mguu wake. Chiriku ameshajua kusoma, anasoma hata karatasi za sabuni, na ananiuliza kila siku kama mjomba wake ana meno, maana kwenye picha zako zote hucheki. Shemeji yako yuko safarini na kazi zake, harudi mpaka mwisho wa mwezi.

Baba kwa mwili hajambo. Magoti yanamsumbua asubuhi, lakini anakula na analala. Ni jambo lake lingine lililonishikisha kalamu. Simu ikiita tu ananisogelea akitaka kukusikia, na haya siwezi kuyasema mbele yake, wala hayaenei kwenye ujumbe wa simu.

Unaikumbuka ile picha uliyonitumia kwenye simu, ya lori jipya lenye pua ndefu na taa za duara, Bibi Pua mtupu, kama ametoka kuoga? Uliandika, "Mwambie Baba lori lake linarudi, kiwanda kinalitoa tena." Nilimwonyesha. Alivaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Alitoka uani akasimama mbele ya Bibi Pua mwenyewe, lori lake la miaka yote, mkono juu ya boneti, kama mtu anayemletea mgonjwa habari njema.

Wazee wa benchi la gereji ya mkabala unawajua, tangu uondoke hawajabadilika. Kila Jumapili wanapanga ni magari gani ya zamani viwanda viyarudishe, utadhani viwanda vinawasubiri wao. Mzee Springi anataka ile pikapu ya milango miwili, ambayo ikiharibika unaipiga nyundo mnaelewana. Fundi Rangi anataka kile kigari chenye injini nyuma, kilichokuwa kikipanda mlima kwa kulalamika. Baba miaka yote amekuwa na lake moja tu, lori la pua. Siku aliyowapelekea habari zako walimpisha akae katikati, wakamwita Mheshimiwa. Mzee Springi akamwambia, "Wewe umeshajibiwa, sisi bado tuko foleni. Ukiitwa kwenda kulichukua, utusemee." Baba alicheka mpaka akakohoa. Kaka, tangu Mama atutoke sikuwa nimemsikia akicheka hivyo.

Sasa kuna jambo hukuambiwa. Haikupita wiki, Baba aliwaita watu wa vyuma chakavu. Aliwaita mwenyewe. Baba huyuhuyu aliyekuwa akiwafukuza kwa fagio, aliyemnunia shemeji yako mwezi mzima kwa sababu alisema lori lisilotembea ni banda la kuku. Nilimuuliza kulikoni. Akanijibu bila haraka, "Mgeni anakuja, mwanangu. Nitamlaza wapi?" Ua wetu hautoshi malori mawili, wewe mwenyewe unaujua.

Sikumzuia. Alikuwa na furaha, na nilidhani anajua anachofanya.

Walikuja na mitungi yao ya gesi wakamkata Bibi Pua asubuhi nzima. Pua ndiyo iliyotangulia. Baba alikaa kwenye kigoda chake akiwaelekeza pa kukata, hapa ni laini, pale pana ubavu mgumu, kama anayemwombea asiteswe. Kile kiti cha mbele walikitoa kizima. Ndicho alichokalia Mama akiwa na uchungu wangu, anakimbizwa hospitali, nawe umebanwa katikati unalia kwamba hupewi nafasi ya kupiga honi. Baba alikipapasa, akakung'uta vumbi. Nikajua atasema kibaki. Akasema wakipakie nacho, jipya litakuja na viti vyake.

Jioni ile alikunywa chai vikombe viwili. Alikuwa na raha, Kaka. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumapili iliyofuata mkwe wa Fundi Rangi, yule anayeuza vipuri, alipita gerejini kuwasalimu wazee. Nilikuwa nimewapelekea chai. Baba alitaka kijana aione picha yako, na yeye mwenyewe aitazame tena vizuri, akavuka kwenda nyumbani kuchukua miwani. Nikampa yule kijana simu yangu. Aliitazama akatabasamu, akatoa simu yake akatuonyesha nyingine. Pikapu ya Mzee Springi ilikuwemo, mpya inang'aa. Kigari cha Fundi Rangi kilikuwemo, chekundu, hakina hata mkwaruzo. Akatueleza kwamba hakuna kiwanda kinachotengeneza hata moja kati ya hizo. Ni wapenzi wa magari ya zamani, kila mtu na kompyuta yake, wanachora lile wanalotamani lirudi, wanatumiana, wanafarijiana. Lori la Baba nalo ni hivyohivyo. Kuna mtu mahali fulani analipenda kama yeye, akalichora, basi.

Mzee Springi aliitazama pikapu yake kwa muda. Akasema taratibu, "Kumbe foleni yenyewe haipo."

Baba akarudi amevaa miwani, ameshaanza kunyoosha mkono kuipokea simu. Hakuna aliyemtazama usoni. Yule kijana alimkabidhi, akasema picha ni nzuri sana, Mzee.

Tangu siku ile Fundi Rangi hapiti mbele ya nyumba yetu, anazungukia nyuma kwenye matope, kwa sababu Baba kila akimwona anamuuliza kama ameshaandaa brashi za kuandikia jina ubavuni mwa lori. Mzee Springi anakuja, lakini anapuliza chai tu, hata ikiwa imeshapoa. Jumapili hizi benchi halipangi tena gari lolote.

Baba hayaoni hayo, ameshughulika na nafasi. Ameipima kwa kamba kutoka ukutani mpaka mlango wa jikoni. Ameng'oa mlingoti wa kamba yangu ya nguo ili pua ipate pa kupita, na nepi za mdogo siku hizi naanika dirishani. Chiriku haruhusiwi kuruka kamba pale. Doa la oili la Bibi Pua lipo bado chini, na kila asubuhi analifagia na magoti yake hayo, anatoa majani, kisha anazunguka pembeni asilikanyage. Lori likipita barabarani lenye mlio mzito, ananyamaza katikati ya neno mpaka lipite.

Nimejaribu kumwambia. Nilikaa naye mlangoni nikamwambia Baba, ile picha huenda ni mchoro tu wa mtu. Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma kama vile mimi ndiye niliyepoteza kitu. "Mwanangu," akasema, "wewe uko hapa na nepi. Kaka yako yuko hukohuko ng'ambo yanakotengenezwa malori. Angekuwa hajui, asingesema." Nikamkumbusha kwamba wewe unafunga maboksi ya viatu ghalani, kiwanda cha malori hata hujawahi kukiona. Akanijibu kwamba hata mfunga maboksi ana masikio. Ningefanya nini zaidi? Mdogo alikuwa analia, nikaondoka.

Sikulaumu, Kaka. Uliona picha, ukamkumbuka Baba, ukaituma kabla hujaisoma vizuri. Ulitaka kumfurahisha, na kweli ulimfurahisha. Hukujua kwamba ukisema neno moja huko, huku mtu anang'oa mlingoti.

Lakini sasa umejua, na kazi hii ni yako. Neno lako kwa Baba lina uzito kuliko langu, na wazee wakimwambia atadhani wanamwonea wivu. Usimtume mtu, na mimi usinitume. Piga simu asubuhi, baada ya chai, magoti yakiwa yameshalegea. Usizunguke sana. Na tafadhali usimwambie kwamba wameahirisha, au mpaka mwakani, maana nakujua ulivyo na huruma. Atangoja, Kaka. Atafagia lile doa mpaka mwakani, na umri wake si wa kungojeshwa. Mwambie ulikosea, mwambie halirudi, kisha usikate simu. Mwache anyamaze anavyotaka, nawe ubaki pale. Nitakuwa nimekaa karibu yake.

Bibi Pua hatumpati tena, hilo nimeshalilia nikamaliza, nikiwa nafua. Ila sitaki Baba azeeke amesimama uani anangoja kitu ambacho sote tunajua hakiji, tunampita na sahani zetu tunamwambia shikamoo.

Na usitume tena picha za magari. Ukitaka kumtumia kitu, tuma sura yako wewe na wifi, na ucheke, Chiriku ahesabu meno.

Nisalimie wifi sana, mwambie zile nguo za mdogo zilimwenea vizuri, ila sasa zimeanza kumbana. Mzee Springi anakusalimu. Fundi Rangi naye angekusalimu kama angekuwa anapita. Chiriku amebusu karatasi hii hapo juu kwenye kona, hilo doa ni mafuta ya mkate. Mungu akufunike huko uliko, akupe afya na kazi isiyokuvunja mgongo, na ipo siku atukutanishe tungali tunafahamiana sura.

Nilipomwambia Baba kwamba nakuandikia, alivuta kigoda chake akakaa karibu na meza. Anakusalimu, anakuombea kila anapoamka. Kuna maneno amenipa nikuandikie, nami nayaweka kama yalivyotoka kinywani mwake, bila kuongeza wala kupunguza:

"Mwambie, wakimuuliza rangi, awaambie kijani kilekile. Na asiwe na wasiwasi, nafasi ipo. Nimeipima mwenyewe."

Amemaliza, ananitazama kama nimeandika yote. Nimeandika. Jibu lake utampa wewe.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikikukaripia,

Mama Chiriku