Jino Nililomwonyesha Muganga

Mujukuu wangu Aline,

Nakusalimu sana. Huku Gisenyi tuko, ila nimechoka. Tangu turudi kutoka Goma usingizi haunitoshi, na hayo tuyaache. Shangazi yako amejifungua musichana.

Unauliza kama mimi pia niliogopa kung'olewa jino. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Gego liliniuma wiki nzima, mama akanileta kwa miguu kutoka Kanzenze mpaka zahanati ya mjini. Muganga akashika koleo, akauliza, "Ni jino gani, mutoto?" Nikawaza kwamba jino lisilouma, hata kuling'oa hakutauma. Nikamwonyesha lililo kando yake, zima kabisa. Akaling'oa.

Njiani mama alinisifu: "Bon, umejikaza." Siku ya tatu shavu likavimba, nikasema kweli. Hakunipiga. Aliketi, akaitazama miguu yake iliyovimba kwa safari ile, akasema, "Yoo, mutoto wangu. Basi, twende tena."

Tukaenda. Mpaka leo upande huo siutafunii.

Mama yako naye anakupeleka akitoka kazini. Daktari akikuuliza, onyesha lile linalouma.

Bibi yako