Fungu la Nne

Jumatatu, 9 Juni

Bila mimi, fasihi ya Afrika nzima ingekuwa makaratasi yanayopeperuka barabarani. Nalisema hili bila majivuno. Profesa anaandika, mhariri anakatakata, mchapaji anapaka wino — halafu? Halafu wote wanamsubiri mtu wa kujalidi. Mtu mwenyewe ni mimi.

Leo mpwa wangu, binti wa dada yangu, Daktari wa fasihi pale chuo kikuu, amekuja karakanani kuchukua kitabu chake. Kitabu cha kwanza! Kinahusu akina mama katika riwaya za Kiafrika. Amekihangaikia miaka na miaka, kampuni nyingine zikamrudishia mswada bila hata kuufungua, mwishowe kampuni yetu ikakubali. Nani alimpigia debe kwa Mhariri? Sisemi. Ila siku ile nilimfungulia Mhariri mlango nikamwambia, "Huyu ni wetu."

Ijumaa ya wiki ijayo kamati ya chuo inakaa. Wazee wakikiridhia kitabu, mtoto anaitwa Profesa. Wasiporidhika, anarudi kufundisha mwaka wa kwanza mpaka azeeke.

Nilimpa nakala kwa mkono wangu, bado zina joto la gundi. Akazinusa. "Mjomba, umezikagua lakini?"

"Mama, mimi kitabu nakikagua nimefumba macho. Kuna mwandishi mmoja mkubwa, simtaji, aliiona kazi yangu akalia mpaka akaomba kitambaa."

Mama Gundi, mwenzangu wa mezani, akakohoa. Ana kikohozi chake cha namna hiyo.

"Ukikuta kosa," nikamwambia mtoto, "kidole hiki hapa, kikate."

Jumatano, 11 Juni

Niandike polepole, nielewe mwenyewe.

Kitabu hakizaliwi kitabu. Inakuja karatasi kubwa, inakunjwa, zinapatikana kurasa kumi na sita. Hilo ni fungu moja. Mafungu tunayapanga kwa marundo kuizunguka meza ndefu, la kwanza, la pili, la tatu, mpaka mwisho. Unatembea unaokota moja moja. Ukimaliza kuizunguka meza, una kitabu mkononi. Rundo likiisha unateremsha jingine kutoka rafuni. Basi. Kazi ya mtu makini.

Leo tulianza kujalidi mwongozo wa kufuga kuku. Mama Gundi akasema, "Chumvi, fungu la nne la kuku limepungua." (Ananiita Chumvi. Eti naongeza.) Nikamwambia wachapaji siku hizi ni wezi. Nikainama chini ya rafu kutafuta. Nikakuta rundo dogo, limefungwa kamba, halijaguswa. Fungu la nne. La mpwa wangu.

Nikakaa palepale sakafuni.

Karatasi ni ileile, ukubwa uleule, zilikuwa rafu moja. Ukurasa wa 49 mpaka 64 huku, 49 mpaka 64 kule. Hata zile alama nyeusi tunazoziangalia mgongoni mwa kitabu, zinazoshuka kama ngazi kuonyesha kwamba mafungu yamefuatana — zilifuatana vizuri kabisa. Ngazi haikukosa kidato. Mimi siku ile nilikuwa namsimulia Mama Gundi nilivyoizuia mashine ya kukatia kwa bega tupu, nimefika pale patamu. Rundo likaisha. Nikateremsha jingine bila kutazama.

Tukafungua boksi. Cha kwanza kizima. Cha pili kizima. Cha tatu, Daktari anaeleza huzuni ya mjane, sentensi inakatika mwisho wa ukurasa wa 48, unafunua: "Kuhara kwa vifaranga, dalili na tiba."

Mama Gundi hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

"Alizochukua mtoto ni zipi?" nikamuuliza.

"Za juu."

"Za juu ni nzima au mbovu?"

"Nitajuaje? Nilizichanganya nikizitoa kwenye kibanio cha kukaushia gundi. Mwambie Mhariri."

"Nitamwambia."

"Na mtoto mpigie."

"Nitampigia."

Mbovu zote tulizozikuta nimezificha nyuma ya mapipa ya gundi. Mtu aliyekaa nafasi hii kabla yangu alifukuzwa kwa sababu ya majalada yaliyopinduka. Majalada tu. Hakukuwa na kuku.

Alhamisi, 12 Juni

Sijampigia. Amenipigia yeye. Nakala ameshazigawa, zote kwa wazee wa kamati, moja tu kampelekea mama yake. Mwenyewe hakubaki hata na moja. Akacheka. Nikacheka na mimi. Kicheko changu kilitoka kama bawaba yenye kutu.

Mhariri kapita nyuma yangu, akasimama. Jasho likanishuka mgongoni mpaka kiunoni. Kumbe anatafuta kikombe chake.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekwenda kwa dada. Nilijiambia, yake ikiwa nzima, huenda zote ni nzima.

Kitabu kimewekwa kabatini, nyuma ya kioo, ndani ya mfuko wa plastiki. Nikanyoosha mkono.

"Nawa kwanza," dada akasema.

"Dada, kitabu hiki nimekitengeneza mimi."

"Ndiyo maana nasema unawe."

Nikanawa. Nikaketi nacho mapajani. Nikawa sifungui. Nikamuuliza kama amekisoma. Akasema amekisoma, ndiyo, kidogo kidogo mchana, miwani ikichoka anapumzika.

"Mtoto ameandika mambo mazito, kaka. Mengi yananipita. Lakini pale alipofika kwenye kuku—"

Sikusikia lililofuata. Masikio yaliziba.

"—pale nikajua ameniandikia mimi. Si unakumbuka nilimsomesha kwa kuku? Wenzake wote wanaandika mambo ya wakubwa, yeye akamkumbuka mamake. Nilikuwa silijui hilo la kuwatenga vifaranga wanaohara. Nimewatenga. Wamepona."

Akafuta macho kwa pindo la khanga. Dada yangu halii ovyo.

Nikafungua. Ukurasa wa 49. Ndiyo.

"Mbona umebadilika rangi?" akaniuliza. Nikasema ni joto. Akaniletea maji. Akanipa na mayai niondoke nayo.

Njia nzima niliyabeba yale mayai kama bomu.

Jumatatu, 16 Juni

Niliomba ruhusa, nikasema jino. Nikatia nakala nzima mfukoni nikaenda chuoni kuzibadilisha kimyakimya kabla hazijasomwa.

Mlinzi wa getini akauliza mimi nani. Nikamwambia mimi ni mkaguzi wa vitabu wa kanda nzima. Akanitazama viatu. Akasema pita, mzee.

Ofisi ya kamati iko ghorofa ya juu, mwisho wa korido, sakafu inang'aa mpaka unajiona unavyoogopa. Katibu muhtasi anakula karanga, anapiga chapa kwa mkono mmoja. Nikamwambia nimeleta nakala bora zaidi, zile za kwanza gundi yake ni ya majaribio.

"Zimeshakwenda, mzee. Kila mtu amechukua yake nyumbani."

"Wote?"

"Wote. Na mwenyekiti alikuwa wa kwanza."

"Mwenyekiti ni nani?"

Akapunguza sauti. "Kipara." Akaangalia mlango. "Huyo anasoma na penseli, mpaka nukta. Mwaka jana kuna daktari mmoja alileta kitabu, tanbihi moja ilikuwa imenakiliwa kwa mtu. Hakurudi hata kuchukua koti lake. Koti lenyewe lile pale."

Liko kweli. Limening'inia kwenye msumari, kijivu, lina vumbi mabegani.

Jumanne, 17 Juni

Mama Gundi: "Umempigia?"

Leo sikusimulia chochote karakanani. Siku nzima. Ameniuliza kama naumwa.

Alhamisi, 19 Juni

Jioni simu imelia. Mtoto. Nilipoona ni yeye nikaiacha iite, iite. Halafu nikapokea.

Sauti si yake. Anasema Kipara amemwita leo ofisini, hakumwambia akae. Amemwambia, "Kurasa za 49 mpaka 64 si kazi yako, na nadhani unalijua hilo. Kesho utatueleza umezitoa wapi."

"Mjomba, wanataka kuniita mwizi. Nimezisoma tena kwenye kompyuta, neno kwa neno, zote nimeandika mimi! Sielewi. Nimekosea wapi? Labda niliwahi kusoma mahali nikasahau, maneno yakabaki kichwani? Inawezekana hiyo?"

Anajishuku. Mtoto ambaye akiazima kalamu anairudisha kabla wino haujakauka — anajishuku.

Nilikuwa nayo, ile sentensi. Mama, ni mimi, nimekuwekea kuku. Ilifika kwenye meno. Ikarudi.

Badala yake nikamwambia nimewahi kuwaona watu kama Kipara, wanabweka tu, mmoja nilimnyamazisha kwa jicho. Hakucheka. Zamani angecheka.

Halafu akaomba, "Mjomba, niletee nakala moja kesho asubuhi kabla sijaingia. Nataka niishike mkononi wanaponiuliza."

"Nitakuletea."

"Usisahau."

"Mimi? Nisahau?"

Ijumaa, 20 Juni

Niko kwenye benchi la korido. Nimefika mapema mno. Naandika ili mikono ipate shughuli.

Mfukoni nina vitabu viwili. Kimoja kizima, kingine nimekitoa nyuma ya mapipa.

Nikimpa kizima, ataingia nacho akiwa haelewi kitu. Watamfungulia chao, naye atafungua chake, vitatofautiana, atababaika. Labda watagundua wenyewe. Labda watasema amechapisha upya kuficha wizi. Lakini mimi sitakuwa nimesema neno.

Nikimpa kibovu, atajua yote kabla hajakaa kitini. Ataweza kusema: hii ni kazi ya karakana, muulizeni mjomba wangu, yuko nje. Halafu wataniita ndani. Halafu watampigia Mhariri. Halafu dada atajua kwamba zile kurasa hazikuandikwa kwa ajili yake.

Hilo la dada ndilo linalonikaba zaidi, sijui kwa nini. Kazi nitapata nyingine. Natafutwa kila mahali. Kuna kampuni iliniletea gari mlangoni. — Hapana. Haikuniletea.

Wazee wa kamati wameshapita. Kipara nimemjua bila kuambiwa. Alikuwa na kitabu kwapani, kimejaa vijikaratasi, na vyote vimebanana mahali pamoja, robo ya kwanza hivi. Alinipita bila kunisalimu. Nilisimama hata hivyo.

Katibu muhtasi ametoa kichwa. "Mkaguzi wa kanda! Umerudi tena?"

Nikamwambia namsubiri mpwa wangu.

"Daktari ni mpwa wako?" Kicheko kikamwisha. Akarudi ndani. Mlango ameuacha wazi, koti naliona toka hapa.

Nimeingiza mkono mfukoni. Vitabu viwili, huwezi kuvitofautisha kwa kupapasa. Mgongo mmoja, gundi moja, kingo zimekatwa sawa. Kazi nzuri, kusema ukweli. Lakini kile kibovu nilikikunja pembe ya jalada asubuhi kabla sijatoka, nisije nikakosea mara ya pili. Kidole kimeipata pembe. Kidole kiko hapo. Hakitoki.

Viatu vyake vinapanda ngazi, navijua.

Niandike jambo moja haraka, maana hapa hakuna wa kuniona. Mwanzoni mwa kitabu kuna ukurasa wa shukrani. Mstari wa mwisho unasema: "Na kwa mjomba wangu, mtu makini kuliko wote ninaowajua." Nimemwonyesha muuza magazeti. Nimemwonyesha mlinzi wetu mara mbili. Nimeusoma chooni nimesimama. Na katika kitabu chote cha mtoto wa dada yangu, huo ndio ukurasa pekee nilioufungua kwa hiari yangu.